Mtemi Kidaha Makwaia na Siasa za Kihafidhina Usukumani

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926. Kwa miaka 19 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mambo ya Waafrika yalisemewa na maofisa wa serikali, au na mmisionari aliyeonekana anawafahamu. Mwaka 1945 ndipo Gavana alipowateua Waafrika wawili wa kwanza, wote watawala wa jadi: Abdiel Shangali wa Uchagani na Kidaha Makwaia wa Busiya, Shinyanga. Shangali alikuwa mtu mzima, mzoefu wa mabaraza. Kidaha alikuwa kijana wa miaka 23 ambaye ndiyo kwanza amerithi kiti cha baba yake.

Busiya ya Kidaha leo imo katika Wilaya ya Kishapu, yenye makao yake makuu Mhunze. Anayetaka kuelewa kwa nini siasa za kihafidhina hazikushika mizizi Tanganyika, ilhali nchi ilikuwa na mamia ya watawala wa jadi, hana haja ya kwenda mbali. Ninaposema uhafidhina nina maana ya siasa za mtu anayetaka mabadiliko yaje polepole, mamlaka ya wazee yaheshimiwe, na mwenye mali awe na uhakika wa mali yake. Kidaha alikuwa na kila sifa ya kuziongoza siasa hizo: ukoo, elimu, kiti serikalini na masikio ya Gavana. Zilimshinda, na chanzo chake ni namna utemi wenyewe ulivyogeuzwa miaka mingi kabla TANU, chama kilichopigania uhuru, haijazaliwa.

Utemi kabla ya mshahara

Kabla ya Wajerumani, Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na himaya ndogondogo zaidi ya hamsini, kila moja na mtemi wake na ngoma yake. Mtemi alibariki mbegu, akasimamia matambiko ya mvua, akaamua kesi kubwa. Lakini hakujiweka mwenyewe. Banang'oma, wazee wa ikulu, ndio waliomchagua miongoni mwa wenye haki, na katika sehemu nyingi haki hiyo ilipita kwa watoto wa dada, si kwa wana. Mvua ikigoma mwaka baada ya mwaka, wazee waliweza kumwondoa. Vijijini, vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyesimamia kazi za pamoja, na mtemi mwenye busara hakumpuuza.

Waingereza walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani waliukuta mfumo huo tayari umeanza kulegea. Gavana Donald Cameron alileta utawala wa kupitia wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikampa mtemi mamlaka yaliyoandikwa. Akawa na mahakama, hazina, makarani na mshahara. Akawa pia na bwana mpya, yaani Mkuu wa Wilaya. Mtemi aliyewaudhi watu lakini akakusanya kodi kwa wakati alibaki kitini. Aliyependwa na watu lakini akachelewesha kodi aliandikiwa barua. Urithi nao ukaanza kupita kwa wana, kwa kuwa ndivyo serikali ilivyoona kuwa ni taratibu, na kwa kuwa wana hao ndio waliopelekwa shule.

Makwaia wa Mwandu, baba yake Kidaha, alitawala Busiya katika kipindi hicho, naye alihesabiwa na Waingereza miongoni mwa watemi hodari wa jimbo. Huo ulikuwa wakati wa vita dhidi ya mbung'o. Shinyanga ndiko serikali ilikoweka makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na watemi wakawa wanaitisha maelfu ya watu kwa shoka na mapanga kufyeka vichaka ili mifugo ipate malisho salama. Kazi ile ilifanikiwa kwa sababu watu waliona faida yake kwa macho: pori la jana limekuwa malisho, ng'ombe hawafi. Amri ya mtemi na haja ya mwananchi zilikuwa bado njia moja.

1945–1953: Kijana wa Baraza

Kidaha alisoma Shule ya Tabora, iliyokuwa ikifunza watoto wa watemi, kisha Makerere, na baadaye Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Alikulia katika nyumba ya Kiislamu, akaingia Ukatoliki na kuitwa David. Alizungumza Kisukuma na wazee wa Busiya, Kiswahili na makarani, na Kiingereza na Gavana, na katika kila lugha alisikilizwa. Katika Tanganyika ya wakati ule watu wa namna hiyo walihesabika kwa vidole.

Kwenye Baraza la Kutunga Sheria wajumbe Waafrika waliongezeka kidogokidogo. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wanne, Wahindi watatu na Wazungu saba, mbali na maofisa wa serikali waliokuwa wengi kuliko wote. Mjumbe Mwafrika hakuchaguliwa na mtu. Aliteuliwa, na aliyemteua aliweza kumwacha. Kazi yake ilikuwa kushauri, kutahadharisha, na kupiga kura ambayo haikuweza kuangusha hoja yoyote.

Gavana Edward Twining, aliyekuja mwaka 1949, alimwona Kidaha kama mfano wa Mwafrika aliyemtaka: msomi, mtulivu, mwenye mizizi kijijini. Mwaka 1951 alimwingiza katika Baraza la Utendaji, chombo kilichokaa na Gavana kuamua mambo ya nchi, na Kidaha akawa Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Mpango wa Twining ulikuwa kuijenga Tanganyika ya mataifa matatu, Wazungu, Waasia na Waafrika, kila moja na sehemu yake, huku watawala wa jadi wakiwa nanga ya upande wa Waafrika. Katika mpango huo uhuru ulikuwa mbali, na watu wa kuufikisha ni kina Kidaha.

Wamarekani wakati huo walikuwa na mhafidhina wao mkubwa, Seneta Robert Taft wa Ohio. Taft naye aliamini kuwa serikali isijitanue kupita kiasi, kuwa mali ni ya mwenyewe, na kuwa mabadiliko ya haraka huvunja yaliyo mema. Lakini Taft alisimama mbele ya wapiga kura wa Ohio mara tatu na kila mara wakampeleka Seneti. Aliposema anawasemea watu wa kwao, alikuwa na kura zao mkononi. Kidaha hakupewa nafasi hiyo. Alichokuwa nacho ni barua ya uteuzi na utii wa jadi kwa utemi, na utii huo ulikuwa unapungua kila msimu wa kilimo.

Ng'ombe, matuta na faini

Kilichoupunguza ni mpango wa serikali wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na watemi wote wakaunganishwa katika Shirikisho la Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Wataalamu walisema ardhi imechoka, mifugo imezidi malisho, na udongo unabebwa na mvua. Kwa sehemu kubwa walikuwa wakweli. Tatizo lilikuwa dawa na namna ya kuinywesha.

Mkulima wa pamba alitakiwa kulima matuta na kuyafunga kwa vituta vya kukingama ili maji yasitiririke. Kwa jembe la mkono, hiyo ni kazi ya kurudia shamba mara mbili katika majuma yaleyale ya mvua za kwanza ambamo mtama na mahindi navyo vinadai mkono. Alitakiwa kuweka samadi, kupanda muhogo wa akiba, kutokata miti mlimani, kutohama bila kibali. Mwenye ng'ombe alitakiwa kupunguza idadi yao kila mwaka kwa kuuza au kuchinja. Na hapo ndipo palipouma. Ng'ombe wa Msukuma ni mahari ya mtoto wake wa kiume, ni chakula cha mwaka wa njaa, ni karadha kwa jirani aliyekosa maziwa. Hesabu ya mtaalamu ilisema ng'ombe kumi ni wengi mno kwa eneo hili. Hesabu ya baba mwenye nyumba ilisema watano ni wachache mno kwa vijana wawili wanaotaka kuoa.

Aliyekaidi hakupelekwa kwa Mzungu. Alipelekwa kwenye mahakama ya mtemi. Wanangwa, wasaidizi wa mtemi vijijini, ndio waliopita mashambani kukagua matuta, ndio waliohesabu ng'ombe zizini, ndio walioandika majina. Faini iliingia hazina ya mtemi. Kwa hiyo chuki yote ya mpango uliobuniwa na wataalamu ilimrudia mtu aliyekaa karibu. Wazee waliokumbuka siku za kufyeka vichaka vya mbung'o, waliposikia baragumu la mtemi likiita watu, waliona tofauti: zamani waliitwa kuongeza malisho, sasa wanaitwa kupunguza ng'ombe.

Kulikuwa na wengine waliokuwa wakiwasikiliza wananchi hao. Paul Bomani wa Mwanza, aliyeanzia kwenye duka la ushirika, alizunguka vijijini kuwaunganisha wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Vyama vyake vidogo vilikua hadi kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya Waafrika barani. Mkulima aliyekuwa akienda kwa mtemi na shida zake sasa alikuwa na mahali pengine pa kwenda: kwa katibu wa chama cha msingi, aliyemchagua mwenyewe na anayeweza kumwondoa mwenyewe. Kazi ya zamani ya banang'oma ilikuwa imehamia kwenye ushirika.

1954: Kiti chabadili mtu

Mwaka 1953 Uingereza iliunda Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki chini ya Hugh Dow kuchunguza masuala ya ardhi na idadi ya watu Kenya, Uganda na Tanganyika. Kidaha aliteuliwa kuwa mjumbe, pamoja na wachumi na wataalamu kutoka Uingereza. Ilikuwa heshima kubwa, na ilimwondoa nchini na kwenye Baraza kwa muda mrefu. Katika kipindi hichohicho aliuachia utemi wa Busiya, na nduguye Hussein Makwaia akaushika.

Kiti chake kwenye Baraza la Kutunga Sheria kilihitaji mtu wa kukishikilia. Aliyeteuliwa mwaka 1954 kwa muda alikuwa mwalimu wa Shule ya Pugu, naye mtoto wa mtemi Nyerere Burito wa Uzanaki; kama Kidaha, alikuwa amepita Tabora na Makerere. Jina lake Julius Nyerere. Tarehe 7 Julai mwaka huohuo, chama cha TAA alichokuwa akikiongoza kiligeuzwa kuwa TANU.

Wanaume hao wawili walilingana karibu kwa kila kitu: ukoo wa kitemi, shule zilezile, Ukatoliki wa hiari ya ukubwani, masomo Uingereza. Kilichowatenga ni mahali kila mmoja alipotafuta nguvu. Kidaha alikuwa anasafiri na tume akiandaa taarifa ya kumshauri Malkia. Nyerere alikuwa anatafuta kadi za uanachama, na Machi 1955 alikuwa New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akieleza kuwa nchi ni ya Waafrika. Mwaka huo aliacha ualimu. Kidaha alikuwa na cheo bila chama, na mwenzake alikuwa na chama bila cheo. Ndani ya miaka minne ikaonekana kipi kina uzito.

1955–1959: Watemi wahama upande

Taarifa ya Tume ilitoka mwaka 1955. Ilipendekeza ardhi iondolewe polepole katika mikono ya kabila na iwe ya mtu binafsi, mwenye kuweza kuikodisha, kuiuza au kuiwekea rehani, na vizuizi vya biashara vilegezwe. Mtemi aliyetia sahihi taarifa hiyo alikuwa amekubali jambo ambalo lingeudhoofisha utemi wenyewe, maana kugawa ardhi ni nguzo ya mamlaka ya mtawala wa jadi. Huo ni uhafidhina wa aina ya Taft, unaotanguliza mali ya mtu kuliko cheo cha ukoo. Haukuwa uhafidhina wa wazee wa Busiya.

Serikali ilipoleta mwaka 1958 mapendekezo ya kuanzisha umilikaji huru wa ardhi, Nyerere alijibu kwa kijitabu, Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, na ikishakuwa bidhaa, baada ya muda wachache watakuwa wenye ardhi na wengi watakuwa wapangaji wao. Mapendekezo yale yakaachwa. Tume ya Kidaha ikabaki kwenye makabati.

Usukumani kwenyewe, TANU ilinyimwa usajili kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Serikali ilidhani imelinda ngome yake. Kwa kweli iliwaachia wanaushirika uwanja, na hasira ikajikusanya bila chama cha kuituliza. Ilipasukia Geita. Serikali ilitaka kuweka huko baraza la wilaya la mataifa yote, ambamo Wazungu na Waasia wachache wangeketi pamoja na watemi. Wananchi walikataa. Mwaka 1958 maelfu walikusanyika Geita, kisha wakaandamana hadi Mwanza. Polisi walitumia mabomu ya machozi, watu wakakamatwa, lakini baraza lile lilikufa. Mtemi aliyeketi humo hakuonekana tena kuwa msemaji wa watu wake. Alionekana mtu wa serikali.

Twining alijaribu kadi mbili za mwisho. Ya kwanza ni chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kupigania mgawanyo wa mataifa matatu. Ya pili ni Mkutano wa Watemi wa mwaka 1957, ambao alitumaini utasimama dhidi ya TANU. UTP kilishindwa vibaya katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ambao kila mpigakura alichagua watu watatu, mmoja wa kila taifa. Viti vilikuwa sawa kwa watu wasiolingana hata kidogo: Waafrika zaidi ya milioni 8, Wazungu wapatao 20,000. Nyerere aliwashawishi wanachama wake Tabora, Januari 1958, waingie uchaguzi huo hivyohivyo, na TANU ikashinda kote. Watemi nao walipima upepo. Kufikia 1959 walikuwa wameukubali mwito wa serikali ya madaraka. Wengi wao walikuwa na wana, wapwa na makarani ndani ya TANU, na hawakutaka kuachwa nyuma na nyumba zao wenyewe.

1961–1963: Mwisho wa utemi

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Serikali mpya ilikuwa na Waziri Mkuu mtoto wa mtemi, na muda mfupi baadaye Spika wa Bunge akawa Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa mtawala wa Wahehe. Kwa hiyo haikuchukia watawala kama watu. Ilichokataa ni mamlaka mbili kijijini. Mwaka 1963 mamlaka ya watawala wa jadi yalifutwa kwa sheria. Halmashauri zikachukua hazina, mahakimu wakachukua kesi, maofisa watendaji wakachukua kazi za wanangwa. Mwaka uleule umilikaji huru wa ardhi uliorithiwa kwa wakoloni uligeuzwa kuwa upangaji kutoka serikalini.

Ushindi huo haukuiondolea serikali wasiwasi. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 na amri za kuhamisha watu zilitumika hata kwa wazee waliokuwa hawana jeshi wala chama. Kidaha naye aliamriwa kuondoka Usukumani na kuishi Tunduru, kusini, mbali na kila aliyemfahamu. Mtu aliyewahi kutajwa kuwa huenda akaiongoza nchi alijikuta anaripoti kwa ofisa wa wilaya. Hakuna maasi yaliyotokea Busiya kumtetea. Mvutano wa miaka ya matuta na kupunguza mifugo ulikuwa umeshawatenga watemi na watu, na aliyelipia ni hata yule aliyekwisha kukiacha kiti. Alifariki mwaka 2007.

Yaliyorudi

Lau historia ingekoma 1963, tungesema uhafidhina wa Usukumani ulikuwa kivuli cha mkoloni na uliondoka naye. Haikukoma. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha Wasukuma kutoka miji yao iliyotawanyika hadi vijiji vya mistari, mbali na mazizi na makaburi. Amri ilitoka juu kama zilivyotoka amri za matuta, na safari hii hapakuwa na mtemi wa kulaumu. Wizi wa ng'ombe uliposhamiri na polisi wakashindwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Shinyanga na Tabora walianzisha sungusungu. Walijipanga kwa vijiji, wakachagua viongozi wao, na mkuu wao wakamwita ntemi. Miaka 20 baada ya sheria kufuta watemi, wakulima walimweka mwingine kwa kumchagua, na walimpa kazi ileile ya zamani: kulinda mifugo na kuamua kesi. Serikali iliwaogopa kwanza, kisha ikawatambua kisheria mwaka 1989. Pamoja na mema yao, waliwaumiza na kuwafukuza wengi, hasa wanawake wazee walioitwa wachawi.

Ngitili nayo ilirudi. Hii ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe waikute kiangazi, kwa kanuni za wazee na faini za kijiji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati mkoa ukielekea kuwa jangwa, ulipata mafanikio pale ulipoacha kuhubiri na kuzitumia kanuni hizo. Mamia ya maelfu ya hekta yakarudisha miti. Wataalamu wa miaka ya 1940 walitaka jambo lilelile kwa amri na faini za mahakama, wakavuna Geita.

Na suala la ardhi lililokuwamo kwenye taarifa ya 1955 lilirudi bungeni. Sheria mbili za mwaka 1999 hazikukubali Tume ya Dow wala hazikubaki kwenye Mali ya Taifa. Ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, lakini mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kutoka halmashauri ya kijiji, akairithisha, na hata kuiwekea rehani. Nyerere alipata kanuni yake, na sehemu ya hoja ya Kidaha ikapata karatasi yenye mhuri.

Leo Busiya ina mtemi tena, wa ukoo wa Makwaia, asiye na mahakama wala hazina, na tamasha la Sanjo ya Busiya hukusanya watu Ukenyenge kwa ngoma na mashindano. Watu wanamwendea kwa hiari, jambo ambalo mshahara wa serikali haukuweza kumnunulia mtangulizi wake yeyote. Ofisa anayetoka Mhunze na tangazo jipya kuhusu ng'ombe, liwe la chapa, la hereni au la kupunguza idadi, bado anauliza kwanza mzee gani wa eneo anasikilizwa. Anauliza kwa sababu wilaya hii ilikwisha kuona gharama ya kumfanya mzee huyo mtoza faini.